Siku Sista Alipokalia Viti vya Jirani

Wacha niseme mapema, msomaji asije akanidhania mtu mwema: mimi nilimwonea gere mtoto wa jirani tangu nilipoanza kujua tofauti ya kuwa na kitu na kukikosa. Tulikaa mlango kwa mlango katika kambi ya polisi pale Wandegeya. Ukuta wetu mmoja, bomba letu la maji moja, hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja, na nguo zake zikipepea kando ya zetu ulijua mara moja zipi ni za nani. Baba yangu alikuwa konstebo wa kawaida, wa kushinda amesimama njia panda na filimbi mdomoni. Baba yake alikuwa dereva wa mkubwa mmoja. Na miaka ile ya utawala wa wanajeshi, dereva wa mkubwa hakuwa mtu wa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Wahindi walipofukuzwa nchini na mali zao zikagawanywa, yule dereva alikuja jioni moja na lori, na ndani ya lori mlikuwa na viti. Jamani, viti! Rekisini, ile ngozi ya bandia, nyekundu inayong'aa, mikono ya mbao iliyopigwa vanishi, ukikaa unazama. Pamoja navyo likashushwa kabati la vioo. Laini nzima, yaani safu yetu yote ya nyumba, ilitoka kutazama. Mama alikwenda kuwapongeza, akakalishwa, akarudi akicheka, akisema vinateleza, ukivaa gauni la hariri utajikuta sakafuni. Mimi sikwenda. Nilibaki nikimenya ndizi kwa hasira hadi nikajikata kidole, na hata kile kidole nikamlaumu yeye mtoto wa dereva.

Kwetu palikuwa na kiti kimoja cha mbao, cha baba. Sisi wengine tulikalia vigoda na mkeka, na tulikuwa wengi, maana mama alikuwa akizaa na baba alikuwa akiletewa watoto wa ndugu zake kutoka kaskazini. Mwenzangu alikuwa peke yake kwao. Alikuwa na viatu vya shule na viatu vya kanisani. Siku ambazo sukari haikuonekana Kampala nzima, yeye alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama bombani akinywa taratibu, akilamba mdomo. Sijui kama alikusudia. Wakati ule niliapa kwamba alikusudia, na mpaka leo sijafuta kiapo.

Mahali pamoja tu nilipomshinda palikuwa darasani. Hapo ndipo nilipopumua. Hesabu zake zilikuwa za kubahatisha, na insha zake alizimaliza kabla hazijaanza. Tulipofanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi tukafaulu wote wawili, lakini mimi nilimpita, tena mbali, na nilihakikisha kila mtu pale bombani amesikia.

Upande wa Lubaga palikuwa na shule ya bweni ya masista. Siwezi kueleza vizuri nilivyoitamani. Jumapili tulikuwa tukiwaona wasichana wake wakipanda kwenda kanisa kuu, wawili wawili, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, sketi za buluu zimepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Hawakuangalia kando. Niliwahi kuwafuata nyuma nikiiga mwendo wao, mpaka kaka yangu mkubwa akaniuliza kama nina mwiba mguuni. Ada ya shule ile ilikuwa kitu ambacho baba hakukitaja hata kwa mzaha.

Basi mwalimu mkuu wetu akatuita sisi tuliofaulu, akatueleza. Masista wa shule ile walikuwa wakichukua msichana mmoja kutoka shule yetu kila mwaka, wakamsomesha bila ada mpaka amalize. Hawakutazama nani kaongoza mtihani. Walitazama nani kati ya waliofaulu ambaye kwao hakuna uwezo kabisa. Aliyetaka alisema, jina lake likapelekwa, na Sista mwenyewe alikuja nyumbani kuona kwa macho yake, kwa sababu kulia kwa mdomo kila mtu anaweza.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kulikuwa na kitu kizuri kinachotolewa kwa watu wasio na kitu! Kama ni mashindano ya kukosa, nani katika laini yetu angetuweza? Mtoto wa dereva na viti vyake vyekundu, pole sana. Nilipita mbele ya mlango wao nikiimba.

Baba naye alishikwa na furaha iliyomzidi akili. Alikwenda Katwe kwa mafundi bati, akarudi amebeba begani sanduku la kwendea bweni, la buluu, lenye kitasa na mikono miwili pembeni. Akampa mwandika vibao mmoja pale Wandegeya aandike kwenye kifuniko jina langu kamili, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Mama alimgombeza: nafasi haijapatikana, sanduku la nini? Baba akajibu kwamba mtoto atapata. Nililiweka karibu na mkeka ninapolala, na asubuhi kabla ya wengine kuamka nilizipitishia herufi zile kidole, moja moja.

Wiki ile tukaletewa habari kwamba Sista atakuja Jumamosi.

Sasa lazima nieleze desturi yetu ya kambini, maana bila hiyo mtu atamwona mama yangu mjinga, na mjinga hakuwa. Pale kambini watu tulitoka pande zote, makabila yote, Waislamu na Wakristo ndani ya nyumba moja, na kilichotuunganisha kilikuwa Kiswahili chetu cha kuvunjavunja na kuazimana. Mgeni mkubwa akija kwako, vyombo vya laini nzima vinakuwa vyako. Unapita kwa huyu unapewa vikombe, kwa yule sinia, kwa yule kitambaa cha kufuma cha kutandika mezani. Hakuna anayekunyima wala anayekuuliza utarudisha lini. Na mwiko mkubwa ulikuwa huu: mbele ya mgeni, kitu ulichoazima ni chako. Mtoto wa jirani akithubutu kusema kile kikombe ni chetu, alipata kofi la mama yake mwenyewe.

Mama alipoanza kupita milango nikajua kinachokuja, nikamfuata nikimvuta gauni. Nikamwambia Sista anakuja kuona tunavyokosa, sasa tukimwonyesha vitu vya watu ataona nini? Alisimama akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Sista akae chini kama kuku?" akasema. "Kwa nyumba yangu mimi?"

Kwake yeye hesabu ilikuwa wazi. Mgeni akikuta nyumba chafu na hana pa kukaa, atasema watu hawa hawana adabu, na nani anasomesha mtoto wa watu wasio na adabu? Msaada huombwa na mtu aliyenawa uso. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kwao, na baba, ambaye ningemtegemea anisaidie, alisema tu kwamba mambo ya mgeni ni ya mama.

Jumamosi asubuhi viti vyekundu vikaingia kwetu. Mama wa mwenzangu alivileta mwenyewe, akishika upande mmoja na kaka yangu upande mwingine. Akamwambia mama achukue na kabati, na chupa ya chai, na vitambaa. Mama akasema viti vinatosha. Yule akasisitiza, achukue vyote, kwake havina kazi leo, na vyote vikaingia kwetu. Nakumbuka alikuwa amekonda. Mumewe hakuwa ameonekana kambini siku nyingi, na yeye alikuwa akisema yuko safari ya kazi, Arua. Wakati ule mtu akikwambia mumewe yuko safari, ulisema haya, arudi salama, ukaongea habari za mvua.

Wadogo zangu walioshwa, wakapakwa mafuta, wakapelekwa kwa shangazi Kansanga wasije wakatutia aibu kwa kuomba mkate mbele ya mgeni. Nyumba ikawa kimya. Mama alipokwenda nyuma kuchochea jiko, nikabaki peke yangu na vile viti. Nilivizunguka kwanza. Halafu nikakaa. Rekisini ilikuwa baridi, ikatoa pumzi chini yangu, nikaweka mikono yangu juu ya mikono ya kiti, nikakunja miguu kama nilivyomwona mwenzangu akikunja. Kwa muda ule mdogo nilikuwa yeye, na haki ya Mungu ilikuwa raha tupu.

Sista alikuja kwa miguu kutoka barabara kubwa. Alikuwa Mzungu mzee, viatu vyake vimejaa vumbi, na alituamkia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote, maana alikuwa amekaa Tanganyika miaka mingi kabla ya kuletwa Uganda. Kiswahili hiki ninachoandikia leo mimi nilikuja kukipata ukubwani, nilipohamia Mombasa. Siku ile nilipiga magoti kumwamkia nikashindwa hata kusema jina langu vizuri.

Mama akamwambia, "Karibu, Sista, kaa kwa kiti," na Sista akakaa, akazama. Nikaona ameshtuka kidogo. Akatazama kabati la vioo, akatazama vitambaa. Mama akaleta mkate, mayai, na chai yenye sukari. Sukari ile baba aliipata kwa njia za magendo, kwa bei ambayo mama hakutaka kuisikia, ili mgeni mmoja anywe kikombe kimoja. Sista alionja, akakiweka kikombe chini polepole. Wakati ule hata masista walikuwa wakinywa chai kavu, bila sukari.

Akauliza watoto wako wangapi. Mama akamwambia, na hakuficha hata mmoja. Sista akazungusha macho ndani ya nyumba ile tulivu, akiwatafuta. Akauliza kazi ya baba. Mama akasema polisi. Sasa hivi, nikiwa mtu mzima, naelewa Sista alikuwa akiona nini. Polisi, mwaka ule, na viti vyekundu vya aina ile! Kila mtu Kampala alijua viti vile vilitoka sebule za nani na vilifikaje mikononi mwa watu wenye sare. Wakati ule niliona tu kwamba uso wake umefungwa, kama mlango wa duka saa ya kufunga.

Akapapasa mkono wa kiti, vanishi ile, akasema, "Viti vizuri sana, mama."

"Asante, Sista," mama akasema.

Basi. Nilikuwa nimesimama kando ya pazia na sinia mkononi, na maneno yote yako hapa, kwenye ulimi: si vyetu, Sista, si vyetu, hata kikombe hicho si chetu, hata hicho kijiko. Mama alinitazama mara moja tu. Mtoto hasemi mbele ya mgeni, na mwiko ni mwiko. Nikayameza, nikashika sinia kwa mikono miwili.

Sista akasimama, akashukuru kwa chai. Halafu akatoa karatasi ndogo mfukoni, akaisoma, akauliza nyumba ya msichana fulani iko wapi. Akataja jina la mwenzangu.

Ebo! Nilidhani nimesikia vibaya. Yeye? Mwenye viatu vya kanisani? Kumbe na wao walikuwa wamepeleka jina, kimya kimya, na mama yake asubuhi ile anaingia kwetu na viti anatabasamu! Mama yangu, ambaye hakuwa na chembe ya kijicho mwilini mwake, sijui mimi nilikitoa wapi, akanyoosha kidole akasema ni hapa tu, mlango unaofuata.

Sista alipotoka, mama akashika kichwa. Wazo lililomjia halikuwa langu hata kidogo. Yeye aliwaza kwamba jirani sasa ana mgeni na hana pa kumkalisha, na viti vyake viko kwetu. Akatunong'oneza mimi na kaka: upesi, kimoja, pitieni nyuma.

Tukabeba kiti. Kilikuwa kizito, na rekisini iliteleza mikononi. Tukazunguka nyuma, kwenye majiko, mpaka mlango wa nyuma wa jirani, na ulikuwa wazi. Mama wa mwenzangu alikuwa amesimama pale akimimina maji kwenye kikombe. Nyuma ya bega lake niliona chumba chao kizima. Kilikuwa kitupu, na sakafuni palibaki alama nne nne pale viti vilipokuwa vimekaa. Katikati palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka Sista amekaa, amevua viatu, amenyoosha miguu kama bibi yangu. Mwenzangu amekaa kando yake, ameinamisha kichwa.

Yule mama akatuona. Akatazama kiti, akatutazama sisi. Halafu akashusha mkono chini, karibu na paja, akaupunga haraka, kama mtu anayefukuza kuku bila kutaka wasikike. Rudini. Kaka akageuka na upande wake, na mimi nikalazimika kugeuka na wangu.

Mkono ule nimeugeuzageuza kichwani maisha yangu yote. Kiti kile kingeingia pale mlangoni, Sista angekiona, angekijua, angeelewa kila kitu: kwamba viti vinatembea, kwamba kule alikokunywa chai hapana kitu. Zilibaki hatua chache tu. Mkono mmoja ukakirudisha.

Kabla shule hazijafunguliwa mwalimu mkuu akamwita baba, akamweleza kwa upole kwamba nafasi imekwenda kwa mwenzangu. Masista walisema wamefurahi kutufahamu, na kwamba familia yetu ina uwezo wa kujisaidia. Baba alinieleza akiwa amesimama, kofia yake ya kazi mkononi, halafu akarudi zamu.

Mimi nililipuka. Nilitoka nje, nikaipiga teke ndoo ya maji, nikasimama mbele ya mlango wao nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa laini kwamba wao ni wezi, walituletea viti kwa makusudi, walitujazia nyumba ili wao waonekane maskini. Mama akanivuta mkono akanirudisha ndani akanizaba kofi ambalo shavu langu linalijua hadi leo. Nikamuuliza, huku nalia, kwa nini basi alituzuia mlangoni? Kwa nini alipunga mkono?

"Sista angeona viti inatembea," mama akasema. "Angejua mimi niliazima. Ile mama alinifunika aibu."

"Alikufunika wewe," nikamwambia, "akanivua mimi."

Hakunipiga tena. Alikaa kwenye kigoda, akachukua mchele, akawa anachagua mawe mpaka jioni.

Jioni ile ile, jua halijazama, mama wa mwenzangu alikuja. Alisimama mlangoni, hakukaa. Kila mmoja kambini alikuwa amesikia matusi yangu, na yeye aliyasikia vizuri kuliko wote kwa kuwa ukuta wetu ulikuwa mmoja. Hakunitazama. Alimwambia mama kwamba mtoto anatakiwa bwenini na hana sanduku, na ameona sisi tunalo. Nilidhani mama atamfukuza. Nilimwomba Mungu amfukuze.

Ndipo yule mama akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, mzee hayuko Arua. Walimuchukua pale kazini. Mpaka leo sijui iko wapi. Na hii nyumba watatutoa."

Mama akashika mdomo. Baba, aliyekuwa akivua viatu vyake vya kazi, akaacha kiatu kimoja mguuni, akabaki hivyo. Polisi kama yeye labda alikuwa amekwisha kusikia, labda hakutaka kusikia. Hakuna aliyeuliza ni nani waliomchukua, kwa sababu swali hilo halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Sasa hapa watu wenye roho nzuri wangesema moyo wao uliyeyuka. Wangu ulitetemeka, ndiyo. Niliogopa. Nilimwona yule dereva alivyokuwa akiturushia karanga kutoka dirisha la gari. Nilielewa pia kwamba nyumba aliyoikuta Sista, yenye mkeka na mwanamke na mtoto, ilikuwa kweli tupu, na kwamba wao ndio walikuwa wahitaji kuliko sisi, hata viti vingekuwepo. Yote hayo niliyaelewa palepale. Lakini wivu haukuondoka. Ulisogea kidogo ukaipisha huruma ikae, halafu vikakaa vyote viwili.

Mama alikwenda mwenyewe kwenye mkeka wangu, akatoa khanga na daftari zangu ndani ya sanduku, akalifuta vumbi kwa ncha ya lesso yake, akampa. Akamwambia, "Chukua hii sanduku, mama. Kitu yako ilikaa kwetu." Yule mama akaona jina langu kwenye kifuniko, akasema watalipaka rangi juu. Baba akamwambia asijisumbue, mjini rangi haipatikani. Ilikuwa kweli, mwaka ule hata kiberiti kilipatikana kwa kujuana.

Viti vyekundu na kabati viliuzwa wiki ile ile, pesa zake zikanunua godoro na sare na soksi nyeupe. Asubuhi ya kufungua shule nilisimama bombani na ndoo nikamwona mwenzangu akitoka, sketi ya buluu, mikunjo inakata. Nyuma yake mama yake amebeba kichwani sanduku langu, na jina langu linatazama mbinguni. Mwenzangu akasimama kama anataka kuniambia kitu. Nikafungua bomba mpaka mwisho, maji yapige kelele.

Mimi nilipelekwa shule ya kutwa, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, walimu wakipungua kila mwezi, wengine wakivuka mpaka bila kuaga. Nilisoma kwa uchungu. Sista wa watu alikuwa akinijia kichwani katikati ya hesabu, na chai yake yenye sukari ambayo hata hakuimaliza.

Likizo ya kwanza mwenzangu akarudi. Walikuwa bado hawajaambiwa watoke kambini, mama yake alikuwa akifua nguo za watu ili wale. Kiingereza chake kilikuwa kimepata makali, na alikuwa akikunja leso kwa namna mpya. Tulisalimiana kwa vichwa. Jioni niliweza kumsikia kupitia ukutani akimfundisha mama yake wimbo wa kanisani, nami nikaweka mto juu ya sikio.

Siku moja mchana nilikuwa ndani nikiosha vyombo nikasikia jina langu likiitwa pale nje. Jina langu kamili, yote mawili, kama lilivyoandikwa sandukuni na yule mwandika vibao. Nikachungulia. Msichana mgeni amesimama bombani, amevaa sketi ya buluu ya shule ile, soksi zimevutwa mpaka magotini, ana barua mkononi. Anaita tena, anatazama milango.

Sijui niliwezaje kufika nje. Wazo lilikuwa limenijia lote mara moja: masista wamegundua. Mtu amewaeleza habari za viti, wamekaa, wamefikiri, wametuma mtu na barua kuniita. Mikono yangu ilikuwa na majivu na maji, nikaifutia kwenye gauni.

"Ni mimi," nikamwambia. "Ndiyo mimi."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, bila ubaya wowote, kwa kushangaa tu.

"Hapana," akasema. "Si wewe. Namtafuta yule wa kwetu, wa bweni letu."

Mlango wa jirani ukafunguka. Mwenzangu akatoka mbio, furaha usoni, akaniona, furaha ikakatika. Alisimama kati yetu akishikashika mkono wa gauni. Kisha akanieleza, harakaharaka, macho chini. Siku ya kwanza sista wa bweni aligawa vitanda kwa kusoma majina kwenye masanduku. Jina lake la kweli liko kwenye daftari la darasa, lakini bwenini wasichana walikwisha kuzoea lile la sandukuni, na yeye alikuwa mgeni, aliona haya kubishana. Akasema aliwaambia mara mbili tatu. Akasema samahani.

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumng'oa zile soksi. Viti vyao vilinikosesha shule, sanduku langu likaenda, sasa hata jina langu lilikuwa limepata kitanda kule Lubaga, linaamka kwa kengele, linapanda kanisa kuu Jumapili wawili wawili, linaandikiwa barua na marafiki. Kila kitu changu kilikuwa kimeingia shule ile isipokuwa mimi.

Mgeni alikuwa bado amesimama juani, hajui amefanya nini. Mama akatokeza kichwa mlangoni kwetu, akamwona, akaona sare. Alijua, kama laini nzima ilivyojua, kwamba kwa jirani sasa hapakuwa na hata kigoda.

"We," akaniambia, "peleka kiti kwa mgeni. Mtoto wa watu akae."

Nikaingia ndani. Nikabeba kiti cha baba, kile cha mbao, nikakipeleka mlangoni kwa jirani, nikakifuta kwa kiganja. Yule msichana akakaa, akaniambia asante, halafu akamgeukia mwenzangu, akamwita kwa jina langu, wakaanza kuzungumza.